Daraja la modeli la Reli ya Kati juu ya korongo la mchanga: hatua kwa hatua

Anayejenga reli ya modeli huku Dodoma hukutana na jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya na Marekani haimwambii: mto wetu hauna maji. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, ng'ombe wanakatiza, watu wanafukua visima humo humo mtoni. Kisha zinakuja mvua za Desemba hadi Aprili, ambazo kwa wastani wa mwaka mzima hazifikishi hata milimita 600, na korongo lile lile linashusha maji mekundu yenye magogo. Mhandisi wa reli hapimi daraja kwa mchanga wa Agosti. Analipima kwa siku ya mafuriko. Ndiyo maana hapa kwetu daraja refu linakaa juu ya mahali pakavu, na modeli isiyoonyesha sababu hiyo itaonekana ya uongo hata kama kila ribiti, yaani kila msumari wa chuma unaounganisha mabamba, iko mahali pake.

Kwa hiyo katika mwongozo huu korongo lina uzito sawa na chuma. Tutajenga daraja la gada za chuma lenye mapengo 3 ya mita 10, likikaa juu ya nguzo 2 za mawe, kwa ajili ya Reli ya Kati ya zamani, yenye upana wa mita moja, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Gada ni ile boriti ndefu ya bamba la chuma lililosimama, yenye mkanda wa bamba juu na mwingine chini. Treni inapita juu ya gada, haipiti katikati yake. Kwa anayeanza, ni daraja bora kuliko lile la pembetatu za vyuma, kwa sababu kosa dogo la upimaji halilipindi lote.

Hatua ya 1: Chagua skeli, kisha pima bila kukanyaga reli

Natumia skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa wake halisi. Reli ya mita moja ikigawanywa kwa 87 inatoa milimita 11.5, na wanamodeli hutumia reli ya milimita 12. Kampuni ya Peco ya Uingereza hutengeneza reli za upana huo. Ukipenda SGR, milimita zake 1,435 zinakupa 16.5, ambao ndio upana unaopatikana kwa urahisi kuliko wote duniani. Lakini SGR ni nguzo ndefu za zege na nyaya za umeme juu, kazi nyingine kabisa.

Usiingie kwenye njia ya reli kwenda kupima. Ni hatari, na hairuhusiwi bila kibali. Kipimo unacho tayari: umbali kati ya reli mbili ni mita 1 kamili. Angalia daraja ukiwa mahali pa halali, kama dirishani mwa treni ya abiria inapofuata bonde kati ya Gulwe na Kilosa, halafu uchore ulichokiona ukilinganisha kila kitu na upana huo wa reli. Kimo cha gada ni karibu sawa na upana wa reli? Basi ni mita 1. Hilo linalingana na desturi ya wahandisi, kwamba kimo cha gada ya reli kiwe takriban sehemu moja ya kumi ya urefu wa pengo.

Vipimo vyetu kwenye skeli ni hivi. Pengo la mita 10 ni milimita 115, kimo cha gada ni 11, na nguzo ya mita 4 ni 46. Mapengo matatu yanafanya daraja la milimita 345, linaloingia hata kwenye meza ndogo. Lichore kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi, kwa ubavuni na kwa juu. Kazi yote itafanyika juu ya mchoro huo, kwa hiyo ufunike kwa nailoni ngumu ili gundi isishike.

Hatua ya 2: Tandika reli kwanza, daraja lifuate

Watu wengi hujenga daraja, wakalipachika, kisha wanahangaika kuinua na kushusha reli ili zikutane nalo. Geuza utaratibu. Kata korongo kwenye meza yako, weka ubao ulionyooka juu ya uwazi, tandika reli moja kwa moja kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na uendeshe treni hapo mpaka uridhike kwamba njia ni sawa. Daraja litakuja kuchukua nafasi ya ubao huo.

Njia juu ya daraja iwe imenyooka, na iendelee kunyooka walau urefu wa behewa moja kila upande. Gada zenyewe hazipindi. Ukitaka daraja kwenye kona, kila pengo hunyooka peke yake na reli ndiyo inayojipinda juu yake, na hapo gada zitatakiwa kuwa mbali zaidi. Acha hilo kwa daraja lako la pili.

Hatua ya 3: Gada

Vifaa havihitaji kuagizwa nje. Tafuta kadi ngumu yenye unene wa milimita 1 (majalada ya kauntabuku zilizokwisha hufaa, ila pima kabla ya kukata), manila ya dukani, plaiwudi ya milimita 3, gundi nyeupe ya mbao, rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya na msasa laini. Wembe mpya nausisitiza. Kadi iliyokatwa kwa wembe butu inainua nyuzi pembeni, na rangi ikipita juu yake chuma chako kinaota manyoya.

Unahitaji gada 6, mbili kwa kila pengo. Kwa kila moja kata kadi ya urefu wa milimita 113 na kimo cha 10. Hizo milimita 2 zilizopungua ni nafasi kati ya gada na gada juu ya nguzo. Nyuma ya kadi bandika ukanda wa plaiwudi wa kipimo hicho hicho. Plaiwudi ndiyo itakayobeba treni, na kwa kuwa inakaa upande wa ndani, mtazamaji haioni. Halafu kata mikanda ya manila yenye upana wa milimita 5.5, ubandike miwili juu na miwili chini, ikichomoza milimita 1.5 kwa nje. Ukitazama kwa nje sasa unaona bamba lililozama kati ya midomo miwili, sura halisi ya gada.

Zinafuata ribiti, na hapa ndipo ninapotaka uvute kiti. Chuma cha miaka ile kiliunganishwa kwa ribiti, si kwa kulehemu, na jua letu likipiga ubavuni zile nukta zinatoa vivuli vidogo ambavyo jicho linavipokea hata kabla ya kujua linaangalia nini. Chukua manila, iweke juu ya mpira laini, juu yake weka karatasi ya grafu, kisha bonyeza kwa sindano ya bikari iliyotolewa ncha kwa msasa, nukta moja kila milimita 1. Usitoboe. Bonyeza tu mpaka upande wa pili uvimbe kidogo. Tengeneza mistari mirefu, ikate kuwa vipande vya upana wa milimita 2, vibandike kwenye bamba, kimoja chini ya mdomo wa juu na kingine juu ya mdomo wa chini. Weka gundi kidogo sana, kwa ncha ya kijiti, kwa sababu gundi nyingi inalainisha manila na uvimbe unarudi ndani.

Mbavu za kusimama huzuia bamba lisijikunje likibebeshwa mzigo. Kata vijiti vya kadi vya milimita 1 kwa 1, uviweke kila baada ya milimita 11 hivi. Kwenye ncha zote mbili za gada, pale inapokalia nguzo, weka mbili mbili karibu karibu. Uzito wote wa treni unateremka hapo, na mafundi wa kweli hawaachi sehemu hiyo na ubavu mmoja.

Gada zikikauka, zipake vanishi nyembamba pande zote. Kadi inanywa vanishi, inakuwa ngumu na haitavuta unyevu tena. Kisha ziunganishe mbili mbili, katikati hadi katikati milimita 17, kwa viunzi vya umbo la X kwenye ncha na katikati ya pengo. Tumia kipande cha mbao chenye pembe sawa kuhakikisha zimesimama wima. Gada iliyoinama inaonekana hata kutoka mlangoni.

Hatua ya 4: Mataruma ya darajani

Juu ya daraja la aina hii hakuna kokoto. Mataruma, vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, yanakalia chuma moja kwa moja, ni ya mbao nzito, na yanakaribiana kuliko yale ya kwenye tuta. Pasua vijiti vya aiskrimu viwe vya upana wa milimita 3 na urefu wa 24, vipange kila baada ya milimita 6. Vipake rangi kabla ya kubandika: maji yenye wino mweusi kidogo na kahawia kidogo, vingine vikolee, vingine vipauke.

Ondoa mataruma ya plastiki kwenye sehemu ya reli inayopita darajani, na ushike reli kwenye mbao kwa gundi ya Araldite, ukipima upana kila hatua kwa kipande cha bati ulichokikata sawasawa. Katikati ya reli mbili huwa kuna reli nyingine mbili za ulinzi, za kuzuia gurudumu lililotoka njiani lisidondoke darajani. Ziweke milimita 3 kutoka reli kuu, zisizidi kimo chake, na ncha zake zikutane katikati ya njia zikishapita daraja. Tumia vipande vya plastiki vilivyopakwa rangi ya kutu. Ukitumia chuma na gurudumu likagusa vyote viwili, unaweza kuunguza umeme wa meza nzima.

Hatua ya 5: Nguzo zijengwe kutoka juu kwenda chini

Toa ule ubao wa muda, weka daraja mahali pake likining'inia chini ya reli kwa uzi na vibanio. Sasa pima umbali kutoka chini ya gada hadi sakafu ya korongo kwenye kila nguzo. Vipimo havitalingana kabisa, na hakuna haja vilingane. Kila nguzo ikatwe kwa umbali wake.

Kiini cha nguzo ni mbao laini: juu milimita 17 kwa 30, ikipanuka kwenda chini hadi 25 kwa 38. Upande unaopokea maji uwe na pua iliyochongoka au ya mviringo, ili magogo yateleze pembeni. Paka jipsamu ya mafundi wa dari iliyochanganywa na gundi nyeupe kidogo, na ikianza kushika, kabla haijawa ngumu, chora mistari ya mawe ya kimo cha milimita 4, maungio yakipishana. Juu kabisa weka bamba bapa la kupokea gada, na juu yake vipande viwili vidogo vya kadi kwa kila ncha. Kwenye daraja halisi ncha moja ya gada hufungwa na nyingine huachwa iteleze, maana chuma cha mita 10 hurefuka zaidi ya milimita 3 joto likipanda nyuzi 30. Ukutani mwa ng'ambo zote mbili jenga kuta za mabawa zinazoshika udongo wa tuta, kwa njia ile ile ya jipsamu.

Hatua ya 6: Korongo

Chota mchanga wa mto wenyewe, uuoshe, uukaushe juani, uuchekeche kwa kitambaa cha chandarua kisha kwa soksi ya nailoni. Halafu, na hili usiliruke, pitisha sumaku ya spika kuukuu ndani yake mara nyingi. Mchanga wetu una chembe nyeusi za chuma, na chembe hizo zikirushwa zinavutwa na mota ya kichwa cha treni na kukiua.

Kingo za korongo huku haziteremki taratibu. Maji huzila kwa chini zikabaki kuta wima za udongo mwekundu, mizizi ikichungulia. Zichonge hivyo kwa kisu. Sakafuni mchanga mkubwa ukae katikati, mwembamba pembeni, na kuzunguka mguu wa kila nguzo chimba kashimo, kwa sababu maji yanayozungushwa na nguzo hufukua hapo kwanza. Jaza sehemu ya kashimo kwa vijiwe, kama mawe yanayomwagwa hapo na mafundi wa reli. Kwenye pua ya nguzo, upande wa juu wa mto tu, nasisha vijiti, majani makavu na kigogo kimoja. Chora mstari hafifu wa tope kwenye nguzo zote kwa kimo kimoja. Hapo mtazamaji ataelewa urefu wa daraja bila kuona tone la maji.

Mwagia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mara tatu yake na tone la sabuni ya vyombo, kwa bomba la sindano, uache usiku mzima.

Hatua ya 7: Rangi na majaribio

Gada zipake kijivu cha kukolea au nyekundu ya rangi ya kuzuia kutu, kisha vumbi. Vumbi la Dodoma lenyewe, lililosagwa na kupakwa kwa brashi kavu, linatosha: lilale juu ya kila mdomo wa gada, si ubavuni. Kutu ishuke kwa mistari myembamba kutoka kwenye mbavu.

Kabla ya kufunga daraja mahali pake, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha chini ya kila pengo, pandisha kichwa chako cha treni kilicho kizito zaidi, ongeza mfuko wa mchanga wa nusu kilo, na utazame kama gada inaugusa uzi. Endesha treni polepole pande zote mbili, ukisikiliza mahali reli zinapounganika na tuta. Acha hapo nafasi ya nusu milimita, kwa kuwa mbao za meza hunywea kiangazi kikikaza. Mwisho, usiligundishe daraja. Lifunge kwa skrubu mbili ndogo kutoka chini ya kila ukuta wa mwisho, ili uweze kulinyanyua lote, ukafuta vumbi lililoingia kati ya gada na kukaza reli inapolegea.