SOMO: Kushusha joto la GPU (chipu ya picha) unapocheza gemu kwenye kompyuta mpakato

Habari wakuu. Wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Mashine inachemka nikicheza gemu, ninunue ile stendi yenye feni?" Subirini kwanza kutoa hela.

Hatua ya 1: Pima. Kiganja kinakuambia ganda limepata moto, basi. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ni ya bure. Cheza dakika 20, halafu angalia kiwango cha juu kilichofikiwa. GPU nyingi za NVIDIA za mpakato hujipunguza kasi zikifika karibu na nyuzi 87. Ukiona 75 hadi 83 kwenye gemu zito, huna tatizo. Ikiganda kwenye 87 na fremu (picha kwa sekunde) zinadondoka, endelea kusoma. Andika na joto la prosesa.

Hatua ya 2: Nyanyua nyuma. Mashine nyingi hunyonya hewa kwa chini, kwa hiyo ukiiweka juu ya godoro umeiziba pua. Tafuta meza, weka vizibo viwili vya chupa ya maji kwenye pembe za nyuma. Hiyo ndiyo stendi yako.

Hatua ya 3: Weka kikomo cha fremu. Hapa ndipo penyewe, na ndipo wengi wanaporuka kwa sababu hakuna bisibisi ya kushika. Skrini ya Hz 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde. GPU ikitengeneza 110, zile 50 za ziada hazikufaidishi kitu kikubwa, ila joto lake unalipata lote. Ingia kwenye setingi za NVIDIA, sehemu ya 3D, weka kikomo 60. GPU yangu ni GTX 1650. Kwenye GTA V ilikuwa inagonga 86, ikashuka hadi 74 siku hiyohiyo, na feni ikaacha kulia kama mashine ya kusaga.

Hatua ya 4: Mtazame jirani. Kwenye mpakato nyingi, prosesa na GPU zinatumia mabomba yaleyale ya shaba kutoa joto. Prosesa ikiwa 97, GPU inaunguzwa na mwenzake. Kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Kwa Intel hiyo kawaida huzima tabo (turbo), yaani ile kasi ya ziada ya prosesa. Baadhi ya gemu zitapoteza fremu chache. Kwangu ni biashara nzuri.

Hatua ya 5: Vumbi. Fungua kifuniko cha chini, chomoa betri, zuia feni kwa kijiti cha meno, ndipo upulize kwa bloa. Uchafu wenyewe hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba, kama kipande cha blanketi. Utoe kwa kibano.

MASWALI

Mkuu, niko Dar, chumba hakina AC. Nitafika hizo namba?
Chumba kikiwa 33 badala ya 23, tegemea GPU nayo ipande karibu nyuzi 10, feni zikiwa kwenye kasi ileile. Kwa hiyo usijilinganishe na video za watu wa Ulaya. Cheza usiku, dirisha wazi.

Fundi kaniwekea pesti mpya ya kupitisha joto juu ya chipu, imetoka 80 ikaenda 88. Pesti feki?
Inawezekana, ila mimi ningeanza na pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto kwenda kwenye kipoozeo. Akiweka pedi nene kuliko za mwanzo, kipoozeo kinanyanyuka, hakikai sawasawa juu ya chipu. Mrudishie. Mwambie pia skrubu zina namba, azikaze kwa kufuata mpangilio huo, kidogokidogo.

Nikiiweka kwenye friji dakika tano kabla ya kucheza?
Usithubutu. Ukiitoa, unyevu wa hewa utatoa jasho ndani ya mashine, kama soda baridi mezani.

Nimeweka kikomo 60 na vizibo, imetoka 87 hadi 78. Sasa niifungue nibadili pesti?
Acha bisibisi, kacheze.