Paka ameanza kuchechemea ghafla: mkague hivi, na ujue wakati wa kumkimbiza kwa daktari

Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Akichechemea mbele yako, ujue ameumia kweli, hata kama halii.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumgusa

Funga mlango, mwache atembee mwenyewe sakafuni. Ni mguu upi? Anaukanyagia kidogo au ameuinua kabisa? Mrekodi video kwa simu. Wengi wakifika kliniki hujikunyata mezani wakakataa kupiga hata hatua moja, na hapo video yako hunisaidia sana mimi daktari wa wanyama.

Hatua ya 2: Tafuta dalili za hatari

Ikiwa miguu ya nyuma, mmoja au yote miwili, imelegea ghafla na paka analia kwa uchungu au anahema mdomo wazi, shika nyayo zake. Zikiwa baridi kuliko za mbele, au zimepauka au kugeuka samawati, huenda damu iliyoganda imeziba mshipa mkubwa, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Usimkande, usimpashe moto. Ondoka naye sasa hivi.

Fanya vivyo hivyo mfupa ukitokeza, mguu ukipinda au damu ikikataa kukoma. Aliyegongwa na tuktuk au kuanguka kutoka roshani za Mji wa Kale hapa Mombasa apelekwe hata akionekana mzima, maana mapafu au kibofu huweza kuumia bila jeraha la nje.

Hatua ya 3: Mkague akiwa ametulia

Mwenzako amfunike kwa leso (kanga) na kumshika. Anza na mguu mzima, upate cha kulinganisha. Angalia kucha: huenda imevunjika, na kwa paka mzee hujikunja ikachoma wayo. Mwiba mdogo ulio juu juu utoe kwa kibano. Ndoana ya samaki usiivute. Ncha yake inayorudi nyuma hurarua nyama.

Kisha panda na vidole polepole hadi begani au pajani. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kisa ninachokutana nacho zaidi ni paka aliyeumwa na mwenzake usiku. Jino la paka ni jembamba: tundu hujifunga upesi, vijidudu hubaki ndani, na baada ya siku mbili tatu usaha hujaa. Utahisi uvimbe wenye joto, au manyoya yaliyogandamana juu ya kigaga kidogo mno. Usikamue. Daktari atausafisha na kumpa dawa ya kuua vijidudu.

Hatua ya 4: Usimpe dawa ya binadamu

Tafadhali, usimpe Panadol, hata nusu kidonge ndani ya samaki. Ini la paka haliwezi kuivunja. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo. Ikiwa ameshapewa, mpeleke hapo hapo na pakiti mkononi, usingoje dalili.

Hatua ya 5: Kama ni kidogo

Anakula, anakanyagia, hana uvimbe? Mfungie chumba kimoja, trei ya mchanga karibu, asiruke juu ya makabati. Akiwa bado anachechemea baada ya saa 24, au akikataa chakula na kujificha kabla ya hapo, mpeleke.

Hatua ya 6: Safari

Piga simu kliniki kwanza. Mweke ndani ya boksi lenye matundu au kapu lenye mfuniko, si mikononi, hasa kwenye bodaboda. Ukitoka Likoni kwenda kisiwani, hesabu na muda wa feri.

Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huambukiza.