Kujenga korido ya kamera, ile ya kujiona mgongo

Majuzi nilimsaidia mwanafunzi mmoja wa sanaa kuunda upya, kwa vifaa vya bei nafuu, korido ya video ya Mmarekani Bruce Nauman ya mwaka 1970. Ni njia nyembamba yenye runinga mbili mwishoni, moja juu ya nyingine. Moja inaonyesha korido tupu iliyorekodiwa, nyingine picha mubashara kutoka kamera iliyo juu ya mlango wa kuingilia. Ukizifuata unajiona kwa nyuma, na kadiri unavyozikaribia ndivyo unavyozidi kuwa mdogo, maana kamera unaiacha.

1. Kuta. Plaiwudi, mita 10 kwenda mbele, upana sentimita 50. Fundi atakushauri upanue kidogo. Kataa.

2. Kamera. Chukua ya waya, ya analogi. Za Wi-Fi sizitaki hata kwa kupewa: picha inachelewa, mtu anashtukia mtambo badala ya kujishtukia mwenyewe. Kuchelewesha kwa makusudi ni kazi nyingine. Msanii mwingine, Dan Graham, mwaka 1974 aliichelewesha picha kwa sekunde 8 ndani ya chumba cha vioo.

3. Kurekodi korido tupu. Hapa ndipo tulipokesha. Rekodi ya kwanza tuliifanya mchana na onyesho lilikuwa la jioni. Runinga mbili zikawa korido mbili tofauti. Ya pili ilikuwa safi, ila aliyekuwa akivuta nyaya aliigusa kamera. Ikahama upana wa kidole tu, na jicho likaona. Ya tatu, kamera ilidhani ni usiku ikageuka nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo: ziba kila upenyo wa mwanga wa nje, washa taa zilezile za onyesho, zima hali ya usiku na ile ya kujirekebisha mwanga (kamera nyingine hazikuruhusu, ulizia kabla ya kulipa), kaza skrubu, ndipo urekodi. Iwe kazi ya mwisho kabisa. Kagua na sakafu; yetu ya nne ilikuwa na mpini wa fagio pembeni.

4. Ingiza mtu mmojammoja. Mwanafunzi alitaka kubandika maelezo mlangoni, nikamkatalia. Mgeni wa kwanza alifika katikati, akageuka kuitazama kamera. Uso wake ukatokea kwenye runinga, nyuma yake.