Kurejesha Bodi na Rangi ya Gari la Zamani katika Hewa ya Chumvi ya Mombasa

Gari la zamani lililokaa Mombasa haliozi kama lile lililokaa Nairobi au Nakuru. Huku pwani upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi nayo huvuta unyevu hata siku ambayo mvua haikunyesha, na bati hushinda na kulala likiwa na umajimaji. Mwenye Peugeot 504, modeli iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na ambayo bado ina wapenzi wengi nchini, au mwenye Volkswagen au Land Rover ya miaka hiyo, hana budi kuishughulikia kutu kwanza na kuiacha rangi hadi mwisho. Fedha nyingi hupotea katika rangi nzuri iliyopakwa juu ya bati bovu.

Ukaguzi uanzie chini ya gari. Inua mazulia utazame sakafu, toa gurudumu la akiba uone kilichopo chini yake ndani ya buti, kisha pitisha mkono ndani ya madigadi na kwenye boksi la chuma linalopita chini ya milango. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi nzima: pale inapokataa kushika, bati limeondoka na iliyobaki ni puti, yaani dawa ya kujazia mashimo inayogumu ikikauka. Milango ina matundu madogo ya kutolea maji kwenye ukingo wake wa chini, na mara nyingi huzibwa na vumbi au rangi za miaka iliyopita. Maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo hukaa humo na kula bati kutoka ndani, hivyo malengelenge yanapoonekana nje, kazi ya kutu huwa imekwisha zamani. Kwa Land Rover sumaku haisaidii, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Hapo tazama viungo ambavyo aluminiamu inagusana na chuma, kwani penye unyevu wa chumvi aluminiamu ndiyo huliwa na kugeuka unga mweupe. Wakati wa kuunganisha upya, vitenganishwe kwa rangi na kipande cha mpira.

Bati lililooza likatwe mpaka kufikia bati zima, na kiraka kiungwe ukingo kwa ukingo badala ya kulazwa juu ya kutu. Bati la geji 20, lenye unene wa karibu milimita 0.9, hufaa sehemu nyingi za bodi. Fundi achomelee nukta moja hapa na nyingine mbali, akingoja pale pa kwanza papoe, kwa maana joto likikusanyika mahali pamoja bati hujikunja na halinyooki tena kwa urahisi. Kabla ya cheche ya kwanza, nyaya za betri zifunguliwe na tangi la petroli liondolewe kabisa kwenye gari.

Sasa tunafika kwenye hatua ambayo huku kwetu ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Bati lililokwanguliwa laweza kung'aa na bado likawa na chumvi ndani ya vishimo vidogo vilivyochimbwa na kutu, na chumvi hiyo ikifunikwa kwa rangi huendelea kufanya kazi yake gizani. Lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, kisha lisuuze kwa maji mengi matamu. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na hata maji ya mitungi ya mkokoteni yaonje kwanza, kwa kuwa kusuuza kwa maji ya chumvi ni kulirudisha tatizo lile lile. Likaushe mara moja kwa hewa ya kompresa, lifute kwa tina safi (kiyeyushi cha rangi), na usiliguse tena kwa mkono mtupu. Katika hewa yetu bati tupu laweza kupata wekundu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kwangua sehemu moja tu kwa wakati, ile utakayoweza kuipaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, kabla jua halijatua.

Puti huja juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kwa msasa, na ikishasawazishwa isizidi milimita 3. Kwa kuwa puti hunywa maji, isisuguliwe kwa msasa wa maji ikiwa wazi. Tumia msasa mkavu, namba 80 kisha 180, ukiwa umevaa barakoa, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ningependa pia kuonya juu ya desturi moja iliyoenea: gari kuachwa nje miezi kadhaa likiwa na praima ya kijivu wakati mwenyewe akitafuta fedha za rangi. Praima ya kawaida ya kujazia mikwaruzo ina vinyweleo na hupitisha maji, na gari la namna hiyo huhitaji kuanzwa upya. Kama fedha haijatosha, ishia kwenye epoksi na uliweke gari chini ya paa.

Rangi yenyewe ipulizwe katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na si wakati wa masika. Asubuhi mapema unyevu bado uko juu, kwa hiyo subiri mpaka saa nne, bati likiwa limepata joto bila kupigwa na jua moja kwa moja. Mwaga maji ya kompresa kabla ya kuanza na katikati ya kazi, kwa kuwa hewa ya pwani huijaza haraka. Anayetaka mng'ao wa asili wa rangi ya selulosi ajue kwamba tina inayoruka upesi hupoza uso wa rangi, mvuke wa hewa ukageuka matone juu yake, na rangi ikatoka na ukungu mweupe. Dawa yake ni tina ya kuruka polepole. Rangi za 2K, zinazochanganywa na hadena (dawa ya kuigumisha rangi), hustahimili zaidi hewa ya bahari, lakini hadena hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakimkingi mtu. Fundi apewe barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na asiye nayo asipulize rangi hizo.

Rangi ikishakauka vizuri, pulizia nta maalumu ndani ya milango, maboksi na viungo vyote vilivyochomelewa, kwa kuwa joto la kuchomelea limeunguza kinga ya upande wa ndani, kisha hakikisha matundu ya kutolea maji yamebaki wazi. Baada ya kupita karibu na mawimbi, osha chini ya gari kwa maji matamu. Likifunikwa, lifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si kwa turubai la plastiki linalofungia unyevu dhidi ya rangi.