Maili ya Bia: Namna ya Kuikimbia kwa Mara ya Kwanza

Makopo manne ya bia, mizunguko minne ya uwanja wa mita 400. Unakunywa kopo la kwanza, unakimbia mzunguko. Unakunywa la pili, unakimbia tena, hivyo hivyo hadi mzunguko wa nne. Hiyo ndiyo maili ya bia yote. Wanaoijaribu mara ya kwanza huiogopa pombe, na hapo ndipo wanapokosea kujiandaa. Ndani ya dakika 8 au 10 za mbio, sehemu kubwa ya kilevi bado haijaingia kwenye damu. Kinachomwangusha mtu ni gesi: karibu lita moja na nusu ya kinywaji chenye povu, tumboni mwa mtu anayerukaruka kwa kila hatua. Mlevi mzoefu asiyejua kubeua atashindwa na mtu asiyekunywa hata mara moja kwa mwezi lakini anajua kuitoa gesi.

Sheria zenyewe

Kanuni zinazofuatwa na wengi zilitoka Kingston, Ontario, nchini Kanada, na hadi leo zinaitwa Kanuni za Kingston. Zijue kabla ya kununua bia, kwa sababu nyingi zinahusu chombo chenyewe.

Bia iwe na kilevi kisichopungua asilimia 5, na kopo au chupa iwe na ujazo usiopungua mililita 355. Vinywaji vya tufaha au vya limau vyenye kilevi havihesabiki kuwa bia. Kopo halitobolewi pembeni, mrija hauruhusiwi, na makopo au chupa za mdomo mpana zilizotengenezwa ili bia itoke upesi haziruhusiwi. Hufungui kopo mpaka uwe umeingia eneo la kunywea, ambalo ni mita 10 za mwisho kabla ya mstari. Unakunywa humo na unamaliza humo. Huruhusiwi kuanza mzunguko kopo likiwa bado na bia.

Ukitapika kabla ya kumaliza, unaongezewa mzunguko mmoja wa adhabu baada ya ule wa nne. Ukitapika mara tatu, adhabu inabaki moja. Hii ni huruma ndogo ya sheria, nayo inafaa kukumbukwa: aliyekwisha kutapika hana tena sababu ya kujizuia.

Uchafu mdogo unaobaki kwenye kopo nao una hesabu yake. Katika mashindano makubwa, masalio ya makopo yote manne humiminwa pamoja na kupimwa, na kikomo ni aunsi 4, yaani kama mililita 118. Mwaka 2018 huko Vancouver, Mkanada Corey Bellemore alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 24, kasi ambayo ingekuwa rekodi ya dunia, akaondolewa kwa sababu masalio yake yalizidi kikomo hicho kwa nusu aunsi. Kwenye mbio za marafiki inatosha kulipindua kopo juu ya kichwa chako mbele ya mwamuzi. Kama halijaisha, nywele zako zitatoa ushahidi.

Jambo moja linalosahaulika: mizunguko minne ya mita 400 ni mita 1,600, wakati maili ni mita 1,609. Kwa hiyo bia ya kwanza hunywewa mita 9 nyuma ya mstari wa kumalizia, na mbio zinaanzia hapo.

Kuchagua bia

Tafuta bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, yenye kilevi cha asilimia 5 kamili au zaidi kidogo, isiyo chungu sana. Bia za ngano huwa na gesi nyingi, ziache. Bia nyeusi nzito zinashuka polepole na kuacha ladha inayoleta kichefuchefu ukianza kuhema. Nyingi kati ya zile laini zinazotoka na povu kama krimu zina gesi kidogo, jambo zuri, lakini kilevi chake mara nyingi hakifiki asilimia 5, kwa hiyo angalia lebo.

Ujazo nao una usumbufu wake. Bia nyingi huuzwa kwa mililita 330 au 500. Ya 330 haikidhi kanuni: chupa nne zinapungua mililita 100 kwa jumla. Kama hamtaki kusajili muda wenu popote, tumieni 330 kwa wote na mkubaliane mapema. Kumpa mgeni 500 ili tu kanuni itimie ni ukatili. Hizo ni lita mbili.

Kopo au chupa? Kwa anayeanza, kopo. Halipasuki uwanjani na halihitaji kifunguo. Chupa ya shingo ndefu ina kasoro yake: bia ikitoka, hewa lazima iingie kwa njia ile ile, na ukiiinua wima kabisa vitu hivyo viwili vinagombana mdomoni mwa chupa. Bia inatoka kwa vishindo na povu linajaa. Ukilazimika kutumia chupa, iinamishe kiasi cha kuacha nafasi ya hewa kupita juu ya bia. Kopo nalo linataka hivyo hivyo: usilifunike tundu lote kwa midomo.

Halijoto ni mahali ambapo wengi hujiharibia. Bia ya baridi kali inauma koo na kichwa, na tena inaishikilia gesi hadi ifike tumboni, inakopata joto na kuiachia. Bia ya moto inafoka povu ukiifungua na ladha yake inakirihi. Itoe kwenye jokofu nusu saa hivi kabla ya kuanza, iwe ya ubaridi wa wastani. Ipange mezani ikiwa imetulia, maana kopo lililotikiswa garini litakumwagia povu usoni, na utapoteza sekunde nyingi kulisubiri litulie.

Mazoezi ya wiki mbili au tatu

Ukiweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, miguu yako inatosha. Kinachohitaji mazoezi ni koo, na hayo yafanywe bila pombe. Nunua maji yenye gesi au soda isiyo na sukari, mililita 355. Siku ya kwanza kunywa moja tu ukiwa umesimama, ukijihesabia sekunde. Kama ni zaidi ya dakika moja, usishangae. Ukishuka hadi sekunde 20 au 30 umejiandaa vya kutosha. Mabingwa huimaliza chini ya sekunde 10, lakini hao hawapaswi kukuhangaisha.

Baada ya hapo unganisha na mbio: kunywa, kimbia mita 400, pumzika dakika tano, rudia mara moja. Vikao viwili kwa wiki vinatosha. Hapa ndipo utajifunza kupiga mbweu ukikimbia, ujuzi ambao hakuna mwalimu wa riadha anayeufundisha. Usijaribu kulitanua tumbo kwa kunywa lita nyingi za maji kwa mkupuo. Maji mengi mno kwa muda mfupi hushusha kiwango cha chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kuua.

Siku yenyewe

Mlo wa mwisho wenye uzito uwe saa tatu hadi nne kabla ya mbio: wanga rahisi, mafuta kidogo, maharage yasikaribie. Tumbo tupu kabisa si suluhisho, kwa kuwa pombe itaingia kwenye damu upesi zaidi na bia itakuchafua moyo. Kunywa maji vizuri asubuhi, halafu yaache saa moja kabla ya kuanza. Nafasi hiyo inahitajiwa na bia. Pasha misuli moto kwa dakika 10 na maliza haja ndogo.

Bia ya kwanza itashuka kwa urahisi wa kudanganya. Una kiu, pumzi imetulia, watu wanashangilia. Inywe haraka, lakini mzunguko wa kwanza ukimbie polepole kuliko unavyotaka. Anayeukimbia kama mbio za mita 400 anarudi mezani akihema, na mtu hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Kila sekunde unayoiokoa kwa kukimbia kasi mita 50 za mwisho unailipa mara mbili ukiwa umeshika kopo huku unatweta. Kwa hiyo punguza mwendo ukikaribia eneo la kunywea, toa pumzi ndefu mbili, ndipo ufungue.

Unapokunywa, meza mafunda matatu au manne makubwa, toa pumzi puani, rudia. Usipige funda moja moja ukipumzika katikati, kwa kuwa kila unapolishusha kopo unameza hewa nyingine juu ya gesi uliyonayo. Na usisimame mahali pamoja bure. Ingia eneo, chukua kopo lako mwanzoni mwake, kunywa huku ukitembea kuelekea mstari. Sheria inaruhusu, na hizo mita 10 unazitembea ukiwa kazini.

Mara baada ya kutupa kopo, mita 100 za kwanza ndizo za kutoa gesi. Kimbia taratibu ukiwa umenyooka, mabega nyuma, kidevu juu kidogo. Ukijikunja mbele unalibana tumbo, na kinachopanda si gesi peke yake. Beua kidogo kidogo, mara nyingi, badala ya kusubiri mbweu moja kubwa; hiyo kubwa ndiyo inayokuja na bia nyuma yake. Ukisikia mate yanajaa mdomoni ghafla, hiyo ni dalili ya kutapika: tembea hatua kumi, vuta pumzi kwa puani, yameze mate, kisha endelea. Kutembea hatua kumi ni nafuu kuliko kukimbia mita 400 za adhabu.

Bia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Tumbo limejaa, gesi ya ile ya pili haijatoka yote, na mwisho bado hauonekani. Wengi husimama hapo na kopo mkononi wakiliangalia. Dawa ni kulitarajia: panga kabla kwamba la tatu utalinywa kwa mikupuo mifupi minne au mitano, ukibeua kila baada ya mkupuo, hata likichukua dakika moja na nusu. Ya nne ni rahisi zaidi kichwani kwa sababu baada yake ni mzunguko mmoja tu, na humo unaweza kumaliza nguvu zote zilizobaki. Kichomi cha ubavuni kikija, bonyeza panapouma na utoe pumzi kwa nguvu mguu wa upande wa pili unapokanyaga.

Kumaliza chini ya dakika 10 bila kutapika ni matokeo ya heshima kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 Mmarekani James Nielsen alikuwa wa kwanza kurekodiwa chini ya dakika 5, kwa dakika 4 na sekunde 57, na ilikuwa habari ya kusambaa kote duniani.

Kama wewe ndiye mwandaaji

Viwanja vingi vya riadha vinakataza pombe, kwa hiyo omba ruhusa au pima mita 400 kwenye njia tulivu isiyo na magari. Watu 10 wanahitaji makopo 40, na uongeze manne ya akiba kwa yatakayofoka. Andika jina kwenye kila kopo na upange kwa mizunguko. Watu wanaotweta huchukua la jirani. Weka ndoo mbili, moja pembeni mwa meza na nyingine mita 100 mbele, kwa kuwa hapo ndipo wengi hutapikia. Mwamuzi mmoja kwa wakimbiaji watatu au wanne anatosha, naye asinywe. Jua likiwa kali, ahirisha hadi jioni.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au ini, kifafa, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, au anayetumia dawa zisizopatana na pombe kama metronidazole, asishiriki toleo la bia. Vivyo hivyo aliye chini ya umri wa kisheria wa kunywa. Kuna toleo la soda na la bia isiyo na kilevi, na kwa kuwa adui mkuu ni gesi, ugumu wake unakaribiana mno na wa bia. Asiyekunywa pombe haachwi nyuma. Kuna pia nusu maili, makopo mawili kwa mita 800, ambayo ndiyo tungempa kila mgeni aanze nayo.

Makopo manne ya mililita 355 kwa asilimia 5 yana takriban gramu 56 za kilevi halisi. Kilevi hicho hufikia kilele kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa, yaani wakati watu wanapigana picha na kujiona wazima. Chukua funguo za magari na pikipiki kabla ya mbio, si baada. Mwili huchukua saa sita hadi nane, na kwa wengine zaidi, kuisafisha pombe hiyo. Kahawa na kuoga havipunguzi hata dakika moja. Wape watu chakula na maji, na wasiongeze bia nyingine kwa saa moja ya kwanza. Aliyelala na haamki akiitwa, au anayepumua kwa shida, alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja.