Kagua mega yako kabla ya kuipeleka maabara (na kabla ya kuifungua)

Juzi kijana mmoja aliniletea mega (kile kipimo cha ukinzani wa insulesheni, kinachotumia volti kubwa) kutoka shamba la mkonge, huku kwetu Tanga. Ilisoma megaomu 3 kwenye mota ya korona (mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge), mota ikashushwa ikapelekwa kusukwa upya. Msukaji akaipiga mega yake mwenyewe: megaomu mia mbili na ushee. Kijana akaniuliza: "Kaka, mega hii ya kwetu imekufa?" Haikufa. Nimeandika tulivyoikagua. Ni kwa mega za volti 250, 500 na 1000. Za volti 5000 mwachie mwenye vifaa.

Hatua ya 1: Betri

Weka mpya, alkalaini, zote kwa mara moja. Kwangula ukungu wa betri kwenye vigusio vyake.

Hatua ya 2: Nyaya

Weka volti 1000, tenganisha klipu zining'inie hewani, bonyeza. Lazima ivuke mwisho wa kipimo. Chomoa nyaya, bonyeza tena. Ikisoma kidogo na nyaya, halafu ikavuka bila nyaya, mgonjwa umempata. Ya kijana huyu ilikuwa hivyo. Usizungushie utepe, nunua nyaya mpya zilizotengenezwa kwa mega hiyo. Nyaya za multimita za bei poa sizitaki mezani kwangu.

Hatua ya 3: Volti

Pima volti zinazotoka kwenye 500 kwa multimita ya DC yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Zitakuwa 500 au zaidi kidogo, na mega yenyewe itasoma kama megaomu 10, kwa kuwa inaipima multimita. Usijaribu hivi kwenye 1000 kama multimita yako mwisho wake ni 1000: mega ikiwa haina mzigo hupitiliza.

Sasa iongezee mzigo. Unga rezista tano za kiloomu 100 kwa mfululizo, upate kiloomu 500, uzifunge sambamba na multimita. Hapo mega inatoa takriban miliampea 1, kiwango ambacho IEC 61557-2 (mwongozo wa kimataifa wa vipimo vya insulesheni) inakidai. Volti zikiporomoka hadi 400 na betri ni mpya, saketi ya kupandisha volti imechoka. Hiyo ni kazi ya karakana.

Hatua ya 4: Rezista za kulinganishia

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima mwaka fulani, kwa hiyo nivumilie.

Nilitengeneza kisanduku changu: rezista kumi za megaomu 10, za asilimia 1, kwa mfululizo, jumla megaomu 100. Kumi kwa makusudi. Rezista ndogo ya robo wati kwa kawaida haivumilii zaidi ya volti 250, na volti 1000 zikigawanywa kwa kumi kila moja inabeba 100. Ukitumia moja tu itakupa namba, ila namba ya uongo.

Mega ikasoma 91. Nikaifungua, nikakuta kiskrubu cha kurekebishia, nikakizungusha hadi ikasoma 100. Nikafurahi. Jumatatu nikaipeleka kwa mwenzangu, kwenye rezista zake ikasoma 110.

Kosa lilikuwa kwenye kisanduku. Kipande cha ubao nilicholehemea kilikuwa na mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemea) na jasho la vidole, na pwani hewa ina unyevu na chumvi. Uchafu ule ulikuwa njia ya pembeni ya kama gigaomu 1. Gigaomu 1 sambamba na megaomu 100 ni karibu megaomu 91. Kwenye rezista za chini ya megaomu 1 usingeuona kabisa, ndiyo maana nilijiamini.

Basi: osha kwa isopropanoli na mswaki, kausha kwa drayeri ya nywele, kisha usishike ubao kwa vidole. Dawa za kupuliza zenye mafuta usizitumie. Nyaya zisigusane wala zisilale mezani. Pima asubuhi, pima tena mchana. Namba zikitofautiana, shuku unyevu kwanza. Kama mega ina tundu la gadi (guard, la kuondoa mkondo wa uvujaji kwenye kipimo), funga waya wake kuzunguka njia ya uvujaji. Na kile kiskrubu, mdogo wangu, kiache. Kapasita za ndani nazo hubaki na chaji hata ukizima.

Hatua ya 5: Maabara

Andika namba zote ulizopata *kabla* ya kutengeneza chochote. Bila hizo hutajua kazi za miezi iliyopita zilipimwa sawa au la. Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya aina ileile, siyo kipande cha waya.

Kwa ugezi, au kalibresheni kama wengi tunavyosema, Tanzania kuna TBS, Kenya KEBS, yale mashirika ya viwango ya nchi. Ukienda maabara binafsi, uliza kama ithibati yao ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi) inagusa ukinzani mkubwa kwa volti za mega, maana wengine wanayo ya mizani tu. Dai cheti chenye namba za kabla na baada ya marekebisho, pamoja na kiasi cha mashaka ya kipimo. Stika yenye tarehe peke yake ukiletewa, irudishe.

Mota ya kijana ilirudi shambani bila kusukwa. Nauli ya kuileta hadi mjini ameilipa mwenyewe.