Kabla Hujaishusha Majini Trimarani ya Kukunja

Anayeijua ngalawa ataielewa trimarani kwa kuitazama mara moja: mwili mwembamba katikati, vielea viwili pembeni, boriti za kuviunganisha. Tofauti ni bawaba. Ian Farrier, mzaliwa wa New Zealand, alibuni boriti zinazojikunja ili vielea viingie ubavuni mwa boti, na F-27 yake ilipoanza kuundwa California mwaka 1985, boti ya mbio ikawa kitu cha kuvutwa na gari la nyumbani. Ndogo yake, F-24, ina upana wa mita 5.4 hivi ikiwa wazi na 2.5 ikiwa imekunjwa. Si mdoli: mwaka 2015 trimarani ya ukoo huohuo, F-25C, ilishinda mbio za Race to Alaska, maili 750 bila mashine. Lakini kila kinachokunjwa huweza kufungwa vibaya, na makosa mengi hufanyika boti ikiwa bado nchi kavu.

Trela kwanza. Upepo wa tairi, tairi la akiba, taa, grisi kwenye beringi. Ukifika ufukweni acha beringi zipoe kabla ya kuzizamisha. Ya moto ikiguswa na maji baridi huvuta maji ndani. Chomoa plagi ya taa.

Vizibo. Mwili wa kati una ngama yake, yaani sehemu ya chini ndani ambako maji hukusanyika, na kila kielea kina yake. Funua vifuniko vyote, kausha kwa sifongo, funga. Kielea chenye lita 40 za maji hakionekani kwa macho, ila utashangaa kwa nini boti inakimbia upande mmoja na kuzubaa upande wa pili.

Sasa mlingoti, na hapa usiharakishwe na mtu anayesubiri zamu nyuma yako.

Simamisha mlingoti kwenye eneo la maegesho, ardhi ikiwa sawa, kamwe si kwenye mteremko wa kushushia. Inua macho kabla ya kugusa chochote: mlingoti wa mita 9, ukiongeza trela na sitaha, kilele chake kinafika mita 11 hivi. Alumini hupitisha umeme, na kaboni vilevile. Wengi hudhani kaboni ni kama plastiki. Angalia pia njia yote kutoka hapo hadi majini, maana waya wa umeme huwa unavuka pale ambapo hukuangalia.

Boti nyingi za aina hii hutumia winchi ya trela kuvuta mlingoti, kamba ikipita juu ya nguzo ya kuinulia. Maana yake ni kwamba winchi imeachia omo, yaani ncha ya mbele ya boti. Funga omo kwenye trela kwa mkanda mwingine kabla hujaondoa ndoano ya winchi. Anayesahau hili, kisha akarudi nyuma kwenye mteremko, boti huteleza yenyewe na kuangukia saruji.

Vuta mlingoti nyuma juu ya roli hadi kitako kifike kwenye kikalio chake, kisha ingiza pini. Halafu funga waya mbili za muda, kushoto na kulia. Ndizo zinazorukwa, kwa sababu mtu huona waya za kudumu zipo tayari. Zipo, lakini zimefungwa kwenye vielea, na vielea vikiwa vimekunjwa waya hizo zinaning'inia tu. Mlingoti ukiinuka kidogo na upepo ukausukuma ubavuni, hakuna kinachouzuia; kikalio hupasuka au mlingoti hulala juu ya gari la jirani.

Mmoja azungushe winchi, mwingine asimame pembeni akitazama waya zikiinuka. Asisimame chini ya mlingoti. Waya hupenda kunasa kwenye taa ya trela au kona ya dirisha. Winchi ikianza kuwa nzito, simama, usiongeze nguvu. Tazama hasa kiungo kidogo kinachoshika mwisho wa waya: kikisimama kombo hakirudi chenyewe, hupinda waya unapokaza, na chuma kilichopinda leo hukatika siku ya upepo. Usilegeze kamba ya winchi hadi waya wa mbele uwe umefungwa na pini yake ina kipini cha usalama.

Kufunua vielea hufanyika majini, penye maji tulivu, upande mmoja kisha mwingine. Boti iliyokunjwa ni nyembamba na hupepesuka, basi watu wakae katikati. Boriti ikilala kwenye nafasi yake, kaza bolti kwa spana, zote nne. Bolti iliyokazwa nusu huacha boriti icheze, tundu linapanuka, na uzito wa kielea kinachoning'inia huendelea kulivuta. Kabla ya kupandisha tanga, mtu wa pili azishike zote kwa mkono wake.

Tanga lipunguzwe mapema. Trimarani hailali upande kama boti yenye uzito wa madini ya risasi chini yake, hivyo haikuonyi. Inaongeza kasi tu. Tazama omo ya kielea cha upande wa chini ya upepo: ikianza kuzama, legeza demani, kamba inayoshika tanga, na usigeuze boti kufuata upepo huku matanga yamejaa, maana hapo ndipo hupinduka kwa omo. Ikishapinduka haisimami yenyewe.

Kwa hiyo vifaa vya kujiokoa vikae mahali panapofikika boti ikiwa kichwa chini. Kisu na filimbi kwenye jaketi lako. Redio ya mkononi pia kwenye jaketi, si kabatini, na iwe imechajiwa jana usiku. Utabiri usomwe asubuhi hiyohiyo. Maji ya kunywa, kofia. Na mtu wa nchi kavu ajue saa ya kurudi kwenu.